Umeshikwa na Trafiki Furahiday Jioni Kanyakine? Soma Hii Kabla Utoe "Kitu Kidogo"

Furahiday, saa kumi na moja na nusu jioni. Uko kwa barabara ya Meru–Embu, umetoka Nkubu unashuka Kanyakine, mfukoni uko na thao mbili za wikendi. Afande anainua mkono. Unasimama. Anaangalia gari, anaangalia DL, halafu anakwambia kwa sauti ya upole: "Sasa boss, korti imefunga. Utalala ndani mpaka Jumatatu, ama tuongee?"

Hiyo sentensi ndio imekula pesa za vijana wengi kuliko faini zote za korti. Inafanya kazi juu wengi hawajui ni nini inawezekana baada ya ofisi kufungwa. Unaogopa selo, unaogopa kazi ya Jumamosi, unaogopa mathee akisikia, basi unatoa.

Leo tunakupea form yote: makosa ni size gani, faini ni ngapi, bondi inapatikana aje usiku na wikendi, ukipuuza korti nini inafuata, na hii story ya pointi za DL imesimama wapi. Shika simu, wekelea bookmark, tuma kwa grupu ya base yenu.

Kwanza jua: kosa lako ni dogo ama ni ngori?

Sheria ya Trafiki ya Kenya (Sura ya 403) inagawanya makosa. Kuna madogo, na kuna yale ya kukupeleka mbele ya hakimu lazima. Hii tofauti ndio inaamua jioni yako itaishaje.

Madogo yaliorodheshwa kwa kanuni za 2016, zenye zinaitwa Kanuni za Makosa Madogo ya Trafiki. Kila kosa liliwekewa bei yake. Hizi ndizo zinashika watu sana huku kwetu, kwa shilingi:

- Kukosa kubeba au kuonyesha DL ukiulizwa: 1,000
- Kutofunga mshipi gari likienda: 500
- Gari lisilowekwa mshipi: 1,000 kwa kila kiti
- Kuongea na simu ukiendesha: 2,000
- Kukosa zile pembetatu za kuonyesha gari limeharibika: 3,000
- Kupuuza alama ya barabarani: 3,000
- Kukataa kusimama ukisimamishwa na askari mwenye yunifomu: 5,000
- Kuendesha kwa njia ya wapita kwa miguu: 5,000
- Gari bila cheti cha ukaguzi kwa lile linalohitaji: 10,000
- Nambari za gari kukosa au kufungwa vibaya: 10,000
- Kupigia gari debe stejini bila ruhusa: 3,000

Kwa watu wa nduthi:

- Rider bila helmeti na reflekta: 1,000
- Abiria bila hizo vitu: 1,000
- Kubeba zaidi ya abiria mmoja: 1,000

Ile "mshikaki" ya watu watatu kutoka shule mpaka sokoni, hiyo ni thao. Na ukiwa wewe ndio umebebwa bila helmeti, usicheke rider. Yako pia iko.

Kwa spidi, kanuni zilipangwa hivi: ukipita kikomo kwa kilomita 1 mpaka 5 kwa saa, ni onyo. Kilomita 6 mpaka 10, ni 500. Kilomita 11 mpaka 15, ni 3,000. Kilomita 16 mpaka 20, ni 10,000. Ukipita hapo, hakuna bei ya kubandika, unaenda kuongea na hakimu.

Kumbuka vikomo vyenyewe: ndani ya mji au soko ni 50 kwa saa. Matatu, basi na malori hayafai kupita 80 popote. Gari la kawaida kwa barabara kuu ya njia moja ni 100. Kanyakine, Nkubu, Igoji, zote ni soko. Unatoka kwa mteremko ukiwa 90, unaingia sokoni ukiwa 75, na hapo ushaingia kwa kikapu cha makosa ya korti.

Ngori ni zile zingine: kuendesha ukiwa umelewa, kuendesha kwa hatari, kugonga mtu na kutoroka, kuendesha gari bila bima. Hizo hazina bei ya haraka. Afande akikwambia atakumalizia "instant" ya kuendesha ukiwa mlevi hapo barabarani, hakuna kitu kama hiyo kwa sheria. Hiyo ni hongo imevaa koti.

Pale barabarani: sema nini, fanya nini

Simama kando, mahali salama. Zima engine. Weka mikono mahali inaonekana. Salimia. Heshima haikupunguzii kitu, na huku Meru ukimwongelesha mtu mzima kama unagombana, hata wale mama wa ndizi watakugeuka.

Halafu uliza maswali mawili, polepole:

"Afande, kosa langu ni gani?"

"Unaniandikia notisi, ama tunaenda station?"

Hayo maswali si ujeuri. Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inasema mtu akishikwa ana haki ya kuambiwa mara moja sababu ya kushikwa, kwa lugha anaelewa. Ana haki ya kunyamaza. Ana haki ya kuwasiliana na wakili au mtu mwingine wa kumsaidia. Kwa hivyo kupigia brathe wako simu useme uko wapi, hiyo ni haki yako, si favor.

Kama kosa ni dogo, askari anaweza kukuandikia notisi. Hapo notisi inasema kosa, na wewe unaamua: ukubali ulipe faini yake bila kusimama kortini, ama uende kortini ukane. Pesa ya faini haiingii mkononi mwa askari, haiendi kwa nambari yake ya simu, wala haiachwi ndani ya DL. Inalipwa kwa njia rasmi, na inaacha risiti.

Usitoe simu umwekee kamera usoni kama unatafuta kutrend. Lakini kumbuka vitu: saa, mahali, nambari ya gari la polisi, nambari ya huduma ya askari. Andika mara tu mkiachana, kabla zitoke kichwani.

Hesabu ya Furahiday, hapa ndipo watu wanachezwa

Wengi wanajua "masaa 24". Kwamba polisi lazima wakupeleke kortini ndani ya masaa 24. Ni ukweli, lakini ni nusu ya ukweli.

Kifungu cha 49 kinaendelea: kama hayo masaa 24 yanaisha wakati korti imefunga, au siku ambayo si ya korti, basi muda unasongezwa mpaka mwisho wa siku inayofuata ya korti.

Piga hesabu. Ukishikwa Jumanne saa nne asubuhi, masaa 24 yanaisha Jumatano saa nne, korti iko wazi, lazima uwe ushafikishwa. Ukishikwa Furahiday saa kumi na mbili jioni, masaa 24 yanaisha Jumamosi jioni. Korti imefunga. Muda unaruka mpaka Jumatatu jioni. Na kama Jumatatu ni sikukuu, unaruka mpaka Jumanne.

Kwa hivyo afande akisema unaweza kukaa mpaka Jumatatu, hakudanganyi kabisa. Kwa karatasi, muda upo. Kile hakusemi ni kwamba sheria hiyohiyo imeweka mlango wa kutokea, na huo mlango uko wazi Jumamosi usiku na Jumapili asubuhi. Unaitwa bondi.

Mlango wenyewe: bondi na dhamana ya pesa

Station ya polisi haifungwi. Hakuna "rudi Jumatatu saa mbili" kwa ofisi ya ripoti. Ile OB inaandikwa masaa 24, siku 7.

Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai (Sura ya 75), sehemu ya 36, inaongea moja kwa moja na shida yako. Inasema mtu akishikwa bila waranti, na inaonekana haiwezekani kumfikisha kortini ndani ya masaa 24, mkuu wa kituo anafaa kuchunguza kesi, na kama kosa si zito, amwachilie kwa bondi. Soma tena hiyo. Haisemi "akipenda". Korti kufungwa wikendi si sababu ya kukuweka ndani kwa kosa dogo. Kwa sheria ni sababu ya kukuachilia.

Juu ya hiyo, kifungu cha 49 cha Katiba kinaongeza kwamba mtu hafai kuwekwa rumande kwa kosa lenye adhabu ya faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi 6. Sasa linganisha na mshipi wa 500. Unaona vile hiyo threat ya kulala ndani ni nyepesi?

Kuna njia mbili za kutoka:

*Bondi ya polisi.* Hii ni karatasi ya ahadi. Unaweka sahihi kwamba utafika korti fulani, tarehe fulani. Wakati mwingine wanataka mtu wa kukusimamia, mzazi, jirani, mwenye gari, mwenyekiti wa sacco. Bondi ni bure. Hakuna "pesa ya fomu". Hakuna "pesa ya wino". Ukiambiwa ulipie bondi, hiyo ni kitu kidogo na jina jipya.

*Dhamana ya pesa taslimu.* Hapa unaweka pesa station kama hakikisho, halafu unaachiliwa. Hii pesa ni yako. Ukifika kortini na kesi ikaisha, inarudi, ama unaomba ihesabiwe kwa faini. Lakini hiyo yote inategemea karatasi moja: risiti. Risiti rasmi ya serikali, yenye jina lako, kiasi, kosa, na tarehe ya korti. Bila risiti, hukuweka dhamana. Umetoa tu zawadi.

Ukiitishwa dhamana kubwa kuliko kosa lenyewe, ongea. Katiba inataka masharti yawe ya kadiri. Mtu wa kosa la thao moja kuambiwa aweke elfu ishirini, hiyo si kadiri. Sema kwa upole: "Mkubwa, faini ya hili kosa haifiki hapo. Naomba bondi, huyu mzee atanisimamia."

"OCS hayuko, kuja Jumatatu"

Hii ndio line ya pili maarufu. OCS ameenda nyumbani, OCS yuko mkutanoni Meru, OCS ako kwa harusi.

Sheria ilifikiria hiyo pia. Kwa Sura ya 75, "mkuu wa kituo" si mtu mmoja tu mwenye funguo. Akikosekana, ni yule afisa aliye hapo anayemfuata kwa cheo, mradi awe juu ya konstebo. Kwa hivyo swali lako linabadilika. Usiulize "OCS atarudi saa ngapi?" Uliza: "Nani anasimamia station saa hii?" Kila station, kila saa, kuna mtu wa kujibu hilo swali.

Kabla uondoke, angalia vitu vitano:

1. Umeandikwa kwa OB, na umepewa nambari ya OB.
2. Kosa kwa karatasi ni lile uliloambiwa barabarani. Si lingine limeota njiani.
3. Korti, tarehe na saa zimeandikwa. Upande huu wa Imenti Kusini kesi nyingi huenda Nkubu, lakini amini karatasi, usiamini mdomo.
4. Kama umeweka pesa, risiti iko mkononi.
5. Kama DL, funguo au gari vinabaki, vimeandikwa, na vitu vilivyo ndani ya gari vimeorodheshwa. Spea, jeki, redio, na hata ule mkungu wa ndizi wa shosho.

Jumatatu imefika. Enda.

Hapa ndipo masela wengi wanaharibu. Ametoka Ijumaa usiku, wikendi imekuwa poa, Jumatatu anasema "kosa lenyewe ni la thao, nani atanitafuta?"

Usipofika, hakimu anaweza kutoa waranti ya kukukamata. Pesa uliyoweka inaweza kuchukuliwa na serikali. Yule mzee aliyekusimamia anaweza kuitwa ajieleze au alipe. Na sasa wewe si mtu wa kosa la mshipi tena, wewe ni mtu mwenye waranti. Siku ukisimamishwa mahali kwingine, au ukitafuta kazi ya udereva yenye inataka rekodi safi, hiyo kitu inakungoja hapo. Na ile sababu ya kukataliwa bondi siku nyingine umeipeana wewe mwenyewe.

Kortini inaendaga hivi. Fika mapema, vaa fiti, zima simu. Jina lako likiitwa, simama. Shtaka litasomwa. Kama Kiingereza kinakupita, sema. Katiba, kifungu cha 50, inakupa mkalimani bila kulipa kama huelewi lugha inayotumika, hata kama ni Kimeru unataka.

Halafu unaulizwa kama ni kweli au si kweli.

Kama ni kweli, sema ni kweli, na upate nafasi ya kujitetea: ni mara yako ya kwanza, una watoto, unategemea hiyo nduthi. Hakimu anaruhusiwa kusikia hiyo. Kama huna pesa yote siku hiyo, omba muda kabla uambiwe ushuke chini.

Kama si kweli, usikubali ndio uwahi kazi. Kukubali ni hatia, na hatia inaandikwa. Sema si kweli, kesi itapewa tarehe, na askari atakuja aeleze ushahidi wake. Ile spidi alisema umepiga, mashine iko wapi? Ile picha iko wapi?

Faini inalipwa kwa njia ya korti yenyewe, kwa ile ankara utapewa. Fuata ankara, si karani wa kando ya mlango anayekwambia "nitumie mimi niharakishe".

Na hizo pointi za DL?

Huku ndiko mtandaoni kuna uongo mwingi, basi tuweke sawa.

Mahali pengine duniani pointi ni kitu unaishi nacho. Uingereza, ukikusanya pointi 12 ndani ya miaka 3, kwa kawaida unanyimwa ruhusa ya kuendesha kwa angalau miezi 6. Dereva mpya hata ni mbaya zaidi: pointi 6 ndani ya miaka 2 ya kwanza, leseni inafutwa. Dubai, ambako wasee wetu wengi wanaendesha teksi na malori, ni pointi nyeusi, na ukifika 24 leseni inasimamishwa. Hivyo mtu akikwambia ana "pointi mbili zimebaki" akiwa huko nje, si jokes, ni chakula chake.

Hapa Kenya, smart DL ilipokuja 2017, tuliambiwa ile chip ndio itabeba rekodi ya makosa na pointi. Lakini usingoje pointi ndio uogope. DL yako tayari inaweza kuondoka kwa njia zingine ambazo hazihitaji chip yoyote.

Moja, spidi ya kurudia. Marekebisho ya Sheria ya Trafiki ya 2012 yaliweka kwamba rekodi ikionyesha umevunja kikomo cha spidi mara 3 au zaidi, leseni inakuwa batili kwa muda usiopungua miaka 3. Miaka mitatu, buda. Ukiwa dereva wa mat, hiyo ni kazi, ni rent, ni karo ya mtoto.

Mbili, pombe. Kuendesha ukiwa umelewa mpaka huwezi kudhibiti gari kuna faini ya mpaka 100,000, au kifungo cha mpaka miaka 2, au zote, na kunyimwa DL kwa miezi 12. Ile mashine ya Alcoblow kikomo chake ni maikrogramu 35 kwa kila mililita 100 za pumzi. Hakuna hesabu ya "chupa mbili ni sawa". Mwili wako si wa beshte yako.

Ndio maana hii story ya bondi na risiti inahusu pointi moja kwa moja. Kila notisi unayokubali bila kusoma, kila shtaka unalokubali ndio uwahi kutoka, ni mstari kwa rekodi yako. Ukilipa hongo, nayo, huna rekodi leo, lakini pia huna ushahidi wowote kwamba hiyo kesi iliisha. Kesho yule mwingine anaanza na wewe upya.

Ukitaka kuangalia DL yako na gari lako, akaunti ya NTSA kwa eCitizen haifungi. Saa nane usiku unaingia. Ofisi ya Huduma Centre Meru ndio inafuata saa za ofisi, siku za wiki.

Umepata ajali usiku?

Simama. Hata kama ni saa tisa usiku na unaogopa umati. Kama umati unatisha kweli, ondoka uende moja kwa moja station ya karibu ujiripoti. Sheria inataka ajali iripotiwe haraka iwezekanavyo, na isizidi masaa 24. Jumapili si kisingizio, sikukuu si kisingizio, station iko wazi.

Kama kuna mtu ameumia, kwanza hospitali. Kanyakine iko na hospitali ya kaunti ndogo hapo hapo. Ripoti inafuata. Chukua nambari ya OB, juu bima hawatakuongelesha bila hiyo.

Na tusijifanye hizi sheria ni za kutusumbua tu. Hii barabara yetu tunaijua. Tarehe 24 Julai 2022 basi lililotoka Meru likielekea Mombasa lilitumbukia mto Nithi, pale darajani kabla ya Chuka, na zaidi ya watu 30 wakafariki. Ni barabara ile ile ya Kanyakine, ukishuka Igoji, ukapita Chogoria. Kila matatu inayopita na tairi limeisha na dereva hajalala, kuna mahali ilisimamishwa ikatoa soo mbili ikapita. Ile hongo unaona ni ya kukuokoa wewe, ndio hiyo hiyo inapitisha ile gari ambayo haifai kuwa barabarani.

SMS ya faini saa sita usiku

Hii ni mpya na imeshika wengi. Simu inalia: "Una faini ya trafiki, lipa ndani ya masaa 12 au DL ifutwe," halafu link.

Usibonyeze. Fungua eCitizen mwenyewe, andika anwani kwa mkono, ingia kwa akaunti ya NTSA, angalia kama kuna kitu. Huduma za serikali kwa eCitizen zinalipwa kwa Paybill 222222. Ukiambiwa utume kwa nambari ya mtu, au kwa till ya duka, hiyo si faini, ni mtu ako mahali anakula mutura na pesa yako.

Kuhusu ile "kitu kidogo" yenyewe

Sheria ya Hongo ya 2016 inashika pande zote mbili. Anayetoa na anayepokea. Adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 10, au faini ya mpaka milioni 5. Sasa weka kwa mizani: kosa la mshipi ni 500, halafu unalipa 1,000 kwa mkono ndio uingie kwa kosa la miaka 10. Hiyo hesabu hata mtoto wa darasa la tatu ataikataa.

Ukiitishwa, kataa kwa adabu: "Afande, niandikie notisi tu." Ukikataa na akakufanyia ubaya, usipigane naye barabarani. Fika station, omba bondi, halafu ripoti ukiwa umetulia.

Nambari za kuweka kwa simu leo, si siku ukishikwa

- Dharura ya polisi: 999 au 112
- IPOA, wale wanachunguza polisi wakivuka mipaka, simu ya bure: 1559
- EACC, ya hongo, simu ya bure: 1551
- Mtu mmoja mwenye kitambulisho na akili timamu, anayeweza kufika station kukusimamia saa yoyote. Ongea naye kabla. Usimshtue saa saba usiku akiwa ndani ya usingizi.

Kwa kifupi, ya kusave

1. Uliza kosa. Uliza kama ni notisi ama station.
2. Usilipe mkononi.
3. Station iko wazi masaa 24. Omba bondi, ni bure.
4. OCS hayuko? Uliza nani anasimamia.
5. Dhamana bila risiti si dhamana.
6. Nambari ya OB, korti, tarehe: angalia kabla utoke.
7. Jumatatu enda kortini. Hata kama ni mvua ya Imenti.
8. Usikubali kosa hukufanya.
9. Ukipata ajali, ripoti ndani ya masaa 24.

Na kama bado unaendesha bila mshipi juu "ni hapo tu Nkubu", funga. Itakuokolea 500, na labda kichwa pia.